Mjamzito mwenye mwili mkubwa: ya kuuliza kliniki na ya kufanya nyumbani

Utepe wa kupimia mkono wa mjamzito una rangi tatu. Mkunga anauzungusha kwenye mkono wa juu, anasoma, na akiona kijani anakwambia uko salama, nenda ukakae foleni ya sindano. Nimeuzungusha utepe huo miaka mingi hapa Uganda, kwanza Arua, sasa Bombo. Kazi yake ni kumtafuta aliyekonda. Mama wa kilo 98 hupata kijani safi kabisa.

Mmoja wao nilimwambia kwa kinywa changu, "Mama, wewe una afya, hata sina la kukuuliza." Wiki ya 33 aliletwa kwenye boda boda, kashikiliwa na dada yake, presha 170 kwa 110, anaona vimulimuli. Alipona, na mtoto yuko chekechea sasa. Lakini ni kweli kwamba sikumuuliza lolote, na kosa lilikuwa langu. Haya basi ni maelekezo kwa mama wa kijani, yule tusiye na desturi ya kumtafuta, ili ajue la kuuliza mwenyewe hata siku ambayo musawo, mhudumu wa afya, amechoka na foleni imefika getini.

Na usingoje jirani akuambie umenenepa kupita kiasi, hatakuambia. UKIMWI ulipoenea Rakai miaka ya 1980 watu waliuita "slim", yaani kukonda, na mpaka leo mtu akipungua kilo tano mtaa mzima unanong'ona. Mwili mnene ukageuka kuwa cheti cha afya. Bibi harusi akinawiri, sifa apewa mume. Wakati huohuo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2016 ulikuta asilimia 24 ya wanawake wa Uganda wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopindukia. Hiyo ni robo ya wanawake, na mjini ndiko walikojaa zaidi.

Hatua ya 1: Jua namba yako kabla ya wiki ya 12

Panda mzani mapema, tumbo halijakua. Kisha pima urefu bila viatu. Gawa kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, 80 gawa kwa 2.56 ni 31. Hiyo ndiyo namba ambayo kitabuni huandikwa BMI. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene uliopindukia.

Asiyependa hesabu achukue hii: ukiwa na urefu wa mita 1.55, mstari wa 30 uko kwenye kilo 72. Kwa 1.60 ni kilo 77, kwa 1.65 ni kilo 82, kwa 1.70 ni kilo 87. Ukiwa juu ya hapo, endelea kusoma kwa makini. Ukiwa chini kidogo, soma pia, hasa kama mama yako mzazi au ndugu wa tumbo moja ana kisukari.

Hakikisha uzito na urefu vimeandikwa kwenye kitabu chako cha kliniki. Urefu husahauliwa sana. Bila urefu, kilo 80 hazisemi kitu.

Hatua ya 2: Fahamu kinachotokea tumboni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mama aliyeelewa hili hahitaji kusukumwa kwenye mengine.

Insulini ni ufunguo unaoingiza sukari ya damu ndani ya mwili ikatumike. Kwenye mwili wenye mafuta mengi ufunguo huo hugeuka kwa shida. Mimba nayo, kupitia homoni za kondo la nyuma, huuzidishia ukaidi, hasa kuanzia mwezi wa sita. Kongosho la mama likishindwa kutoa insulini ya kutosha, sukari inabaki juu kwenye damu, na hicho ndicho kisukari cha mimba. Mara nyingi hakina dalili hata moja.

Sasa, sukari ya mama huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo mtoto anafurikiwa na sukari na inambidi kongosho lake dogo litengeneze insulini yake kwa wingi. Insulini hiyo humfanya aweke mafuta tumboni na mabegani. Ndiye yule mtoto wa kilo nne na nusu ambaye bibi zake wanampigia vigelegele. Kichwa chake kinaweza kutoka vizuri, kisha bega likakwama nyuma ya mfupa wa nyonga, na hapo mkunga ana dakika chache tu. Niliyoyaona katika dakika hizo sitayaandika hapa.

Akizaliwa, kitovu kinakatwa na bomba la sukari linafungwa ghafla. Insulini yake bado iko juu. Ndani ya saa chache sukari yake inaweza kuporomoka: anatetemeka, anapoa, analala mno, hataki titi. Watu husema mtoto mkubwa ana nguvu. Huyu ndiye wa kumwangalia kuliko wote chumbani.

Mambo hayaishii wodini. Watoto waliotungwa katika mwili wenye unene mkubwa, na zaidi wale wa mama mwenye kisukari cha mimba, huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kunenepa mapema, kupata kisukari cha ukubwani, presha, hata pumu. Sehemu ni urithi wa damu, sehemu ni sufuria ya nyumbani ambayo wote wanakula, na sehemu ni yale mazingira ya tumboni. Mbili za mwisho zinarekebishika.

Kwa mama mwenyewe hatari zinazopanda ni kuharibika kwa mimba, presha na kifafa cha mimba, kujifungua kwa upasuaji, kidonda kuoza, kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa, damu kuganda mguuni, na mtoto kufia tumboni. Wengi wenye mwili mkubwa huzaa salama. Nayataja yote kwa sababu karibu kila moja lina kipimo chake au maandalizi yake.

Hatua ya 3: Kama hujashika mimba, anza sasa

Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kabla ya mimba hubadilisha mengi. Kwa mwenye kilo 90 hiyo ni kilo 4.5 hadi 9. Fanya hivyo ukiwa kwenye uzazi wa mpango, na umuulize musawo ni njia gani haikuzidishii uzito, maana sindano ya miezi mitatu huwanenepesha baadhi ya wanawake.

Anza asidi ya foliki kabla ya kushika mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne tangu kutungwa, wakati wengi bado wanahesabu siku na kusema labda ni malaria. Unene huongeza hatari ya mgongo wazi. Hospitali ya watoto ya CURE kule Mbale inajulikana mpaka nje ya nchi kwa kuwatibu watoto wa mgongo wazi na kichwa maji, na wazazi wengi wanaofika pale hawakujua kwamba kidonge hiki kidogo kinatakiwa kabla. Kiwango cha kawaida ni miligramu 0.4 kwa siku. Kwa miaka mingi Waingereza waliwashauri wanawake wa namba 30 na zaidi wameze miligramu 5 mpaka wiki ya 12. Muulize daktari kama nawe unastahili hiyo kubwa.

Hatua ya 4: Ziara ya kwanza, usitoke bila haya

Nenda kabla ya wiki ya 12. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, ambao Uganda inaufuata, ni ziara nane, na wengi wetu huanza mwezi wa tano tukidhani tumewahi.

La kwanza, mkanda wa presha. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, kipimo kinadanganya kwa kupanda. Sema, "Sista, naomba mkanda mkubwa." Usione haya. Ukipimwa kwa mdogo unaweza kumezeshwa dawa usiyohitaji, au presha yako ya kweli ikapuuzwa siku ile inapopanda kwa sababu "huyu mkono wake ni mnene".

La pili, sukari ya kidole siku hiyohiyo. Kuna wanaoingia kwenye mimba na kisukari cha siku nyingi bila kujua.

La tatu, uliza kuhusu aspirini ndogo. Unene ukikutana na jambo jingine, kama mimba ya kwanza, umri uliokwenda, au mama au dada yako aliyewahi kupata kifafa cha mimba, daktari anaweza kukupa aspirini ya kiwango cha chini kuanzia wiki ya 12 ili kupunguza hatari hiyo. Haifanyi kazi sawasawa ukichelewa. Usijinunulie dukani: dawa ni ileile, kiwango ndicho tofauti.

La nne, picha ya ultrasaundi mapema, ya kuhesabu umri wa mimba. Kwa mwenye tumbo nene, kupima kimo cha mfuko wa uzazi kwa utepe hukosea, na picha za baadaye nazo huonekana kwa ukungu.

Vidonge vya damu umeze kama wengine. Mwili mkubwa unaweza kuwa na upungufu wa damu vilevile. Mafuta si madini. Fansida ya kukinga malaria na neti pia hazichagui. Na ile emumbwa, udongo wenye mitishamba unaolamba kila asubuhi, mwambie mkunga. Hatakuchapa.

Hatua ya 5: Sahani

Mimba si wakati wa kujinyima ili ukonde. Lengo ni kuongezeka kidogo. Mwongozo unaotumika sana unasema mwenye namba 30 na zaidi aongeze kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima; mwenye 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5, mwenye uzito wa kawaida, kilo 11.5 hadi 16. Kwa hiyo rafiki yako mwembamba akiongeza kilo 14 na wewe 7, nyote mko sawa.

"Kula kwa ajili ya wawili" ni usemi mtamu uliotuharibia wengi. Ziada anayohitaji mjamzito katika miezi ya mwisho ni kama ndizi mbivu moja, yai na kikombe cha maziwa. Sahani ya pili ya matooke, ndizi za kupika, haimo.

Waganda wana maneno mawili: emmere, yaani matooke, posho (ugali), viazi, muhogo, na enva, kitoweo cha kuteremshia. Emmere ndicho chakula, enva ni msindikizaji. Sisi tunaosema Kiswahili tumeupokea mpango uleule: mlima wa posho na kijiko cha maharage pembeni. Geuza. Nusu ya sahani iwe mboga za majani: dodo, nakati, sukuma au kabichi. Robo iwe maharage, samaki, mukene (dagaa), yai au nyama. Robo iliyobaki, kiasi cha ngumi yako, iwe matooke au posho. Mukene ni bei ya maskini na ana protini na kalsiamu ya tajiri. Sielewi kwa nini watu mjini wanamdharau.

Matooke ya kupikwa kwa mvuke kwenye majani hayana ubaya, ubaya uko kwenye wingi. Katogo, matooke na kitoweo katika sufuria moja, ukipika mwenyewe, unajua mafuta umetia kiasi gani. Rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, ndiyo kesi ngumu, kwa sababu iko kila kona na inanukia. Mayai yake ni mazuri, na nyanya na kabichi pia. Chapati ndiyo iliyokunywa mafuta. Mwambie kijana akupe mayai mawili, mboga nyingi, chapati moja. Usimruhusu akuwekee mbili kwa sababu wewe ni mteja wake.

Lakini kama una nguvu ya kubadili kitu kimoja tu, badili unachokunywa. Soda ya kola ya nusu lita ina sukari ya vijiko vya chai 13 hivi. Ongeza chai ya maziwa ya vijiko vinne asubuhi na vinne jioni, na juisi ya matunda ya barabarani iliyotiwa sukari, na hujala kitu bado. Nimeona sukari ya damu ikishuka ndani ya wiki mbili kwa mama aliyeacha soda peke yake, bila kugusa posho yake.

Kwa Waislamu wenzangu: mwenye kisukari cha mimba, hasa anayechoma insulini, asifunge Ramadhani kabla ya kuongea na daktari. Sheria imempa mjamzito ruhusa. Na ukifunga, futari ya sambusa na mikate ya gurusa yenye mafuta juu ya tumbo tupu hupandisha sukari kama roketi.

Hatua ya 6: Tembea

Dakika 30, siku tano kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shuka boda kabla hujafika. Kuosha vyombo hakuhesabiki, samahani. Ukitokwa na damu, ukipata maumivu au kizunguzungu, simama na uende kituoni.

Hatua ya 7: Kipimo cha sukari, wiki ya 24 hadi 28

Hata kama kile cha kwanza kilikuwa kizuri. Unalala njaa, asubuhi unatolewa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unapimwa baada ya saa moja na saa mbili. Kisukari cha mimba kinahesabiwa ukifikia namba moja tu kati ya hizi: 5.1 ukiwa na njaa, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya saa mbili. Namba hizo ni za mmol/L; mashine nyingine husoma kwa mg/dL, na hapo ni 92, 180 na 153.

Vituo vingi vidogo havina maji hayo ya glukosi. Omba basi kidole cha asubuhi kabla ya kula. Ikisoma 5.1 au zaidi, omba barua ya rufaa.

Ukiambiwa unacho, wengi hutosheka na sahani na kutembea. Wengine hupewa vidonge vya metformini au sindano ya insulini. Insulini ndiyo inayoogopwa kuliko zote, eti itamuua mtoto. Rudi hatua ya 2: insulini ya mama haivuki kondo. Kinachovuka ni sukari unayoiacha juu kwa kuogopa sindano.

Hatua ya 8: Presha, mpaka mwisho

Kila ziara, presha na mkojo. 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 si ya kuambiwa "kapumzike". Kuna dalili zisizongoja ziara: kichwa kinachouma na hakitulii, vimulimuli machoni, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, kutokwa damu, mtoto kupunguza kucheza, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata. Ukipata lolote, usimngoje mume arudi kutoka kazini. Mwachie mama mkwe watoto, chukua kitabu chako, nenda.

Hatua ya 9: Pa kuzalia

Amua kabla ya wiki ya 34, ukiwa na akili iliyotulia. Kituo cha afya cha daraja la tatu kina wakunga wazuri lakini hakina chumba cha upasuaji. Mwenye namba 35 na zaidi, au kisukari, au presha, au kovu la upasuaji, au mtoto anayeonekana mkubwa, apange kuzaa hospitali, au angalau kituo cha daraja la nne. Usiishie kwenye kibao cha getini: uliza kama daktari na mtu wa dawa ya usingizi wanakuwepo usiku, na kama kuna damu. Sindano ya mgongoni kwa mwili mnene huchukua muda zaidi, na ni afadhali mtu huyo akujue kabla ya saa tisa usiku.

Mama kit, furushi la vifaa vya kujifungulia, iwe tayari, na nauli ya gari, si ya boda. Weka pia vitambaa vya pamba safi kwa kidonda. Ukipasuliwa, mshono ukiwa chini ya mkunjo wa tumbo hutota jasho na kuoza. Uoshe, ukauke, weka kitambaa kikavu katikati ya mkunjo, badili mara kwa mara. Na amka utembee mapema kadiri daktari anavyoruhusu. Najua nakawere, mama aliyetoka kujifungua, kwetu hulazwa na kulishwa uji kama malkia, lakini kulala wiki nzima na tumbo limekazwa kwa kanga ndiko damu inakogandia mguuni.

Hatua ya 10: Saa ya kwanza, na miezi inayofuata

Titi ndani ya saa moja, ngozi kwa ngozi, hasa kama ulikuwa na kisukari. Mwambie mkunga ampime mtoto sukari kisiginoni. Maziwa ya mama mwenye mwili mkubwa huweza kuchelewa kujaa siku moja au mbili zaidi. Hapo ndipo mashangazi huleta kopo. Nyonyesha kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia, kamua, omba usaidizi wa kumweka vizuri kwapani kama titi ni kubwa. Maziwa ya mama peke yake miezi sita huendana na watoto wasionenepa ovyo, na kunyonyesha humpunguzia mama mwenyewe hatari ya kisukari.

Wiki ya 6 hadi ya 12 baada ya kuzaa, rudi upimwe sukari. Aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kisukari cha kudumu mara saba au zaidi kuliko mwenzake, na karibu hakuna anayerudi, kwa sababu mtoto ana afya na yeye anajisikia vizuri. Kisha kipimo kila mwaka, au angalau kila baada ya miaka mitatu.

Mtoto akifika miezi sita, uji wake usitiwe sukari. Soda isimguse. Mashavu si cheti. Mstari kwenye kadi yake ya ukuaji ndio wa kuangalia, na ukipanda kwa kasi kuliko mistari iliyochapwa, uliza, kama ambavyo ungeuliza ukishuka. Siku ya chanjo ya surua, miezi tisa, atawekwa kwenye mzani. Akishashushwa, mwombe sista akupime na wewe, kabla hamjaanza kufikiria mdogo wake.